Kitabu Kilichokimbia Kashuga

Wamama wa korali, waimbaji wenzangu, tangu nirudi hakuna mazoezi yanayokwisha bila mmoja wenu kuniuliza, "Riziki, ile safari ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu anasikia habari ya matope, yule anasikia habari ya juji. Basi nimefunga cherehani siku tatu, nimeandika. Kiswahili nimejaribu kukiandika cha kanisani, lakini watu nimewaacha waseme walivyosema. Na mnanijua, mimi si mtu wa kungoja. Safari hii yote ilikuwa ya kungoja.

Jambo lenyewe ni shamba la mama, kilimani juu ya Kashuga. Baba yangu, Bauma, alifukiwa na udongo wa shimo la madini kule Walikale nikiwa na miaka kama sita. Mama alibaki mjane na sisi wasichana wawili, akalima kile kilima, viazi na maharagi, na maharagi hayo ndiyo yaliyonisomesha. Mwaka huu baba mdogo Hangi, ndugu ya baba, akaenda kwenye tribinali, mahakama ya Masisi, akasema shamba lilikuwa la kaka yake, kaka yake hakuacha mtoto mwanaume, kwa hiyo lirudi kwake. Tulijua linakokwenda. Kulikuwa na mwenye ng'ombe mmoja, mtu wa kofia ya ngozi, aliyekwisha kupita pale akihesabu hatua.

Juji alitupa siku kumi na mbili: tulete maandishi ya chifu yanayoonyesha nani alipewa udongo ule, ama mama atoke. Mama amepita miaka sabini na miguu haimbebi. Atoke aende wapi, kwenye hema za wakimbizi kule bondeni? Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikapanga nguo mbili kwenye mfuko.

Goma mpaka Kashuga

Njia hii mnaijua, sitaichelewesha. Baada ya Kitshanga tulikuta kamyo, lori la maharagi, imelala ubavu katikati ya barabara, magunia yamepasuka, na watu wote wa kijiji wakiokota kwa adabu kubwa, eti wanasaidia. Tulilala hapo. Siku ya pili jioni niliingia Kashuga mgongo ukiniuma kama niliyetwanga muhogo mwezi mzima.

Asubuhi nilikwenda biro, ofisi ya chifu. Biro ni chumba kimoja, meza moja, kabati lisilo na milango, na ndani ya kabati mlikuwa na kuku ameatamia. Sekretere mpya, karani wa pale, alikuwa mtu mpole, alinipa kiti chake, yeye akasimama. Nikamwambia natafuta kitabu cha udongo cha zamani, jina la baba yangu Bauma.

"Dada, kile kitabu haiko hapa," akasema. "Ilikimbia."

Nikadhani ananitania. Kumbe ni kweli. Masasi ya bunduki yalipoanza kulia miaka ile, sekretere wa zamani, Papa Kitsa, aliacha godoro, akaacha sufuria na mbuzi, akabeba kitabu. Hakurudi. Habari ya mwisho ilisema alionekana Mpofi, upande wa Walikale. Halafu yule bwana akafunga mlango kidogo, akapunguza sauti.

"Lakini weye ni muntu wa pili kuuliza hii juma. Papa Hangi alipita hapa juzi, na mwenzake mwenye kofia ya ngozi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi huyo baba mdogo nilimshonea suruali ya Noeli bure. Kama anakitafuta kitabu, hakitafuti ili akisome mbele ya juji. Anakitafuta ili kisionekane tena.

Nikapanda kilima kwa mama. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagi. Nilimweleza yote, nikamwomba aniambie lolote analokumbuka, siku gani waliandikwa, nani alikuwepo. Akasema tu, "Jina iko mule. Nenda." Basi. Mama yangu anajua kunyamaza, ni kipaji. Nilipokuwa mdogo alimchukua mbuzi wangu Sifa, mbuzi niliyemnywesha maziwa kwa mkono, akampeleka kwa chifu, na mpaka leo hajanieleza kwa nini. Nilikwisha jisemea kwamba ilikuwa faini ya kosa fulani la wakubwa. Nilimkumbusha hilo siku ile kwa hasira, nikamwambia siri zake zitatuua. Akaendelea kuchambua maharagi.

Kashuga mpaka Mpofi

Motari niliyempata, dereva wa pikipiki, anaitwa Olivier, baba wa watoto watano, na kila mteremko alikuwa akiutangulizia sala. Tulipita Kalembe, halafu milima ikaanza kushuka na msitu ukaanza kupanda. Mahali pengi moto, yaani hiyo pikipiki, ilitubeba kidogo na sisi tukaibeba sana. Kwenye mto mmoja daraja lilikuwa miti mitatu tu. Olivier aliisukuma moto juu ya mti wa kati, mimi nikipita nyuma yake kwa magoti, mchana kweupe, nguo ya heshima na yote. Msicheke.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa njia tupu. Kuna saa nzima hatukukuta mtu, hata mama mwenye kuni. Ninyi mnaojua huko mnaelewa. Njia ikiwa tupu, kuna sababu.

Tulifika Mpofi siku ya pili, adhuhuri. Hapo nilifanya kosa la mtu wa mjini. Nilishuka kwenye moto, nikasalimia wanaume waliokuwa kwenye kibanda, nikatoa kalamu na daftari na kuuliza kwa sauti: "Papa Kitsa mwenye kitabu cha udongo anakaa wapi?" Mmoja alichukua daftari langu mkononi mwangu, polepole, bila kunitukana. Mwingine akatoa ufunguo kwenye moto ya Olivier. Wakatupeleka uani kwa mkubwa wa kijiji, wakaniambia nikae.

Nilikaa pale mpaka jua likapita upande wa pili wa paa. Waliniuliza nimetumwa na nani, ninaandikia nani, kwa nini mshonaji abebe mita mfukoni, napima mashamba ya nani. Mita yangu ya kushonea, jamani! Nilieleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Watu wale wamekwisha kuona wageni wenye madaftari, na baada ya daftari huja watu wa kufukuza. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na nilimwonea Olivier huruma kwa sababu ya wale watoto watano.

Aliyetuokoa ni Mama Georgette, mwenye nyumba ambamo Papa Kitsa alifikia alipokimbia. Aliitwa kutoka shambani, akafika na matope mpaka magotini. Hakuniuliza nimetumwa na nani. Aliuliza mama yangu ni binti wa nani, mama yake alitoka kilima gani, na nani alizikwa wapi. Nilijibu yote. Mwishoni akauliza kama Papa Kitsa mwenyewe ananifahamu. Nikasema hapana, lakini namkumbuka nikiwa mtoto, mtu mrefu aliyekuwa akipanguza kalamu kwenye nywele zake kabla ya kuandika.

Mama Georgette akacheka, akawageukia wanaume. "Huyu, mumupe chakula."

Nilikula bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na nyama ya porini ambayo sikuuliza jina lake. Ndipo akaniambia. Wanaume wawili walifika kabla yangu, mmoja ana kofia ya ngozi, wakiuliza kitabu. Walikuwa na haraka na zawadi nyingi, na hiyo ndiyo iliyowatia watu mashaka. Kijiji kizima kikawaelekeza Pinga. "Tuliwapa mpaka njia ya mukato," akasema Mama Georgette, na nilikuwa karibu kumbusu. Papa Kitsa hakuwa Pinga hata siku moja. Alikwenda kwa binti yake Mubi, na kitabu chake.

Lakini Pinga si mwisho wa dunia. Wakiona wamedanganywa, watarudi. Nilikuwa nimebakiwa na siku saba.

Mpofi mpaka Mubi

Olivier alirudi kwake, na sikumlaumu. Nikapata nafasi juu ya kamyo iliyokuwa ikienda Walikale na magunia ya chumvi, sabuni na samaki wa chumvi. Tulikuwa watu kumi na mbuzi watatu. Kila tope tulishuka tukasukuma, kila mlima tulishuka tukapunguza uzito, mpaka mama mmoja akasema tumelipia kutembea.

Halafu tukakwama kabisa. Shimo lilikuwa limemeza magurudumu ya nyuma, na mbele yetu kulikuwa na kamyo nyingine mbili katika hali hiyohiyo. Madereva hawakuwa na wasiwasi wowote. Walitandika turubai, wakawasha moto, wakaanza kupika ndizi. Niliwauliza tutaondoka lini, wakaniambia barabara ikikubali. Siku mbili barabara haikukubali. Nilihesabu siku kwenye vidole mpaka vidole vikanichosha. Kila moto iliyopita ikitoka nyuma nilisimama kuangalia kama kuna kofia ya ngozi. Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilimgombeza hata mbuzi wa watu.

Siku ya tatu mvua ilikata, wanaume wa vijiji vya karibu wakaja na majembe, tukatoka. Pale Walikale sikupumzika. Nilipanda moto moja kwa moja mpaka Mubi, nikafika nikiwa rangi moja na barabara.

Mubi ni maduka pande mbili, jenereta zinalia, moto zinapita na mizigo mirefu kuliko zenyewe, na kila mtu ana haraka ya kwenda au kurudi machimboni. Niliingia kila duka nikimtafuta binti ya Papa Kitsa, safari hii bila daftari. Duka la tisa, mwanamke aliyekuwa akipima mawese alitua kikombe. Alisema, "Baba yangu iko nyuma. Lakini uingie polepole, haoni muzuri."

Mubi, nyuma ya duka

Papa Kitsa alikuwa kwenye jiko la binti yake, amekonda, nywele nyeupe. Juu ya mafiga, palepale ambapo kwetu tunatundika mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, alikuwa ametundika mfuko mweusi kwa masizi. Aliniambia msitu unaoza karatasi kwa msimu mmoja, lakini moshi unazitunza. Miaka yote ile alikuwa akikilalisha kitabu juu ya moto mdogo, na ikinyesha usiku anaamka kuuchochea. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemtuma.

Alikishusha, akakifungua magotini. Kilinuka kama samaki wa kukaushwa. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo mimi nilisoma, yeye akafungua kurasa kwa kidole kilichojua njia. Nikatafuta Bauma. Nikapitia kilima chetu chote, jina kwa jina. Bauma hayumo. Nikarudi mwanzo. Hayumo. Mara ya tatu herufi zilianza kucheza, machozi yakaangukia ukurasa, Papa Kitsa akaupangusa kwa mkono wa shati upesi.

Niliwaza kwamba mama alidanganywa na chifu, au mama amenidanganya mimi, au amezeeka na hajui alisemalo. Nilimwambia mzee yule maneno makali ambayo hakustahili. Nilimwambia amebeba makaratasi ya bure, angebeba godoro lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

Halafu akaniuliza swali. "Mbuzi ya mutulo, nani alikamata kamba?"

Mutulo ninyi mnaujua: mbuzi na pombe anayopelekewa chifu na mtu anayeomba udongo. Nilikuwa sijui jinsi ulivyokuwa ukiandikwa. Papa Kitsa akanieleza kwamba chifu yule wa zamani alikuwa na sheria yake. Watu walikuwa wakileta mbuzi wa wengine na kusema maneno ya wengine, halafu ugomvi. Basi akaamua: haandikwi mwenye mbuzi, haandikwi mwenye kusema. Anaandikwa aliyeshika kamba ya mbuzi na kuiweka mkononi mwa chifu.

"Baba yako njo aliikamata?" akauliza.

Nikafungua kinywa kusema ndiyo. Kikabaki wazi. Kwa sababu baba alikuwa amekwisha kufa. Nilimwona mama yangu, kijana, amembeba mdogo wangu mgongoni na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kichwani. Mbele yake nilikuwa mimi, na kamba ya Sifa mkononi, nalia njia nzima. Chifu alikuwa na kiganja kikubwa. Mama aliniambia, weka kamba hapo, nikakataa, akaniambia tena.

"Papa," nikasema, "ni mimi nilikamata."

Hakushangaa. Alirudisha kurasa, akaweka kidole. Nilikuwa nimepita pale mara tatu, nikitafuta jina la baba tu. Iliandikwa: Riziki, binti, kilima cha juu, kutoka kijito mpaka mti wa msalaba. Chini yake kulikuwa na vidole gumba viwili vya mashahidi. Cha kwanza cha mtu aliyekwisha kufa. Cha pili cha Hangi.

Kumbe ndiyo maana alikitafuta. Alikuwepo, alikunywa kasiksi ile, akaona mtoto anayelia na mbuzi, akaweka kidole bila wasiwasi.

Mubi mpaka Masisi

Nilitaka nipewe kitabu nikimbie nacho. Papa Kitsa akakataa kabisa. Kitabu hakitembei bila mwenye kukitunza, na nakala bila kitabu ni karatasi tu. Binti yake alipinga, akasema baba hataweza barabara ile. Yeye akaomba viatu vyake. Tukapanda moto mbili, yeye na kitabu ndani ya koti, kifuani.

Barabara ilikuwa imekauka kidogo, Mungu alituhurumia. Lakini tulipokwisha pita Kibua, kwenye kona, kulikuwa na barieri, mti umelazwa kuziba njia, na waliosimama pale walikuwa na bunduki na hawakuwa na sare ya kueleweka. Mmoja alimgusa Papa Kitsa kifuani, akasikia kitu kigumu. Akakitoa. Akafungua.

Yule mtu alifungua ukurasa, akafungua mwingine, bila kusoma kitu. Akauliza ni kitabu cha nini. Papa Kitsa akamjibu kwa utulivu, kama yupo biro: ni kitabu cha udongo cha Kashuga na vilima vyake. Halafu yule mtu, kwa sauti nyingine kabisa, akataja jina la kilima na jina la babu yake.

Papa Kitsa alikichukua kitabu mikononi mwake. Alifungua karibu na mwisho, akaniita nisome. Lilikuwepo. Nilisoma jina, kijito, mpaka, mashahidi. Yule mwenye bunduki aliomba nisome tena, nikasoma tena.

"Basi tuko mule," akasema. Akainua mti wa barieri mwenyewe.

Tuliingia Masisi siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, juji akiwa amekwisha kukaa. Baba mdogo Hangi alikuwa kwenye benchi na yule wa kofia ya ngozi ubavuni mwake, wote wawili wana matope ya Pinga mpaka viunoni. Aliponiona hakushtuka. Alipomwona Papa Kitsa nyuma yangu, aliinamisha uso.

Alijitetea, tena sana. Alisema mtoto hawezi kupewa udongo, tena mtoto wa kike, yule alikuwa anaongoza mbuzi tu. Juji akasoma ukurasa kimya. Akamwuliza kama kidole kile ni chake. Hangi akasema hakumbuki. Juji akaomba wino na karatasi, akamwambia akumbuke. Hangi alikitazama kile kidau cha wino muda mrefu, halafu akaweka mkono mfukoni, akasema ni chake. Sikuruka wala sikupiga kelele, wamama, nilijishangaa. Niliketi chini palepale na kulia, na Papa Kitsa akanipa leso yake yenye moshi.

Kilimani

Mama nilimkuta palepale mlangoni. Nilimwambia shamba limebaki. Nilimwambia jina lililomo. Hakufurahi kwa kelele. Aliweka ungo chini.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema kamba angeishika yeye, ukoo wa baba ungesema mjane ni mgeni, akienda aache udongo. Angempa Hangi aishike, angelima maisha yake yote kwa ruhusa ya Hangi. "Lakini weye uko damu ya Bauma na uko mutoto yangu. Nani angekufukuza?"

"Na kwa nini hukuniambia, mama? Miaka yote hii nilikuona mubaya."

"Jina ikijulikana, mwenyewe anatafutwa. Ni heri unione mubaya, ukiwa muzima."

Nilichukua ungo, nikachambua maharagi. Nilimwomba msamaha, akanyamaza kama kawaida yake, ila safari hii nilikijua kimya chake. Papa Kitsa alikuwa amelala ndani, kitabu tumekitundika juu ya mafiga.

Baadaye mama aliangalia matuta, akanikoholea kidogo. "Mwenye shamba," akasema, "msimu iko karibu. Unanipa ruhusa nipande viazi?"

Alikuwa anatania, lakini alingoja jibu. Nikamwambia apande, isipokuwa kona ya chini, karibu na kijito. Ile aiache majani. Nataka kununua mbuzi.